Grinding Gear Games: studio ya Auckland inayogawa mchezo bure na kuuza mapambo

Magharibi mwa jiji la Auckland, New Zealand, katika kitongoji cha Henderson, ilikulia kampuni ambayo kwa miaka mingi bidhaa yake kuu haikuwa na bei. Mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza kupakua mchezo wake wa video uitwao Path of Exile, yaani Njia ya Uhamisho, akaucheza kwa miezi au miaka, na asidaiwe hata senti moja. Hata hivyo kampuni hiyo, Grinding Gear Games, haikufilisika. Ilianza na marafiki wachache waliokuwa wakifanyia kazi nyumbani, ikawa mwajiri wa zaidi ya watu 100, na mwaka 2018 ikanunuliwa kwa sehemu kubwa na Tencent, kampuni ya teknolojia ya China iliyo miongoni mwa kampuni tajiri zaidi duniani katika biashara ya michezo ya video.

Kwa wakazi wa Australia habari za studio hiyo ya jirani zina uzito wa aina mbili. Wa kwanza ni wa nyumbani: wazazi wengi wana kijana anayesema mchezo fulani ni wa bure, kisha baada ya wiki mbili anaomba kadi ya benki, na ni vigumu kujua kama ameudanganya moyo wake au amemdanganya mzazi. Wa pili ni wa kiserikali. Canberra na Wellington zimekuwa zikishindana, kwa adabu ya majirani, juu ya upande upi wa Bahari ya Tasman wabunifu wa michezo hii wafanyie kazi na kulipia kodi.

Kiu ya mchezo usiokuwapo

Kampuni iliundwa mwaka 2006. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo Chris Wilson na Jonathan Rogers, waandishi wa programu, pamoja na Erik Olofsson, msanii wa michoro kutoka Sweden. Kilichowaunganisha ni mapenzi ya mchezo mmoja wa Kimarekani, Diablo II, uliotolewa na kampuni ya Blizzard mwaka 2000. Katika michezo ya aina hiyo mchezaji huongoza shujaa mmoja, anayeonekana kutoka juu, katikati ya makundi ya majini na wanyama wa kutisha. Kila adui anayeuawa anaweza kudondosha upanga, ngao au pete, na karibu raha yote imo katika kutafuta kifaa kilicho bora kuliko ulicho nacho. Miaka sita baadaye mrithi wa Diablo II alikuwa bado hajatokea. Vijana hao wa Auckland wakaona kuliko kungoja, heri wautengeneze wenyewe.

Walifanya kazi kimya kwa zaidi ya miaka mitatu, bila kampuni kubwa ya kuwagharimia, kabla ya kuutangaza mchezo wao tarehe 1 Septemba 2010. Majaribio ya wazi kwa watu wote yalianza tarehe 23 Januari 2013, na toleo kamili likatoka tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo. Kabla mwaka haujaisha, jarida la mtandaoni la GameSpot lilikuwa limeuchagua kuwa mchezo bora wa kompyuta wa mwaka 2013.

Bahati nayo ilikuwa upande wao. Mnamo Mei 2012 Blizzard ilitoa hatimaye Diablo III, na mwezi uliofuata ikafungua ndani yake soko la mnada ambamo wachezaji waliuziana silaha kwa fedha halisi. Wapenzi wengi wa zamani walichukia. Waliona kwamba mchezo wa kutafuta hazina hupoteza maana hazina zinapouzwa dirishani. Blizzard ililifunga soko hilo mnamo Machi 2014, lakini kufikia wakati huo wengi wa waliokata tamaa walikuwa wamekwisha kufunga safari ya kuelekea Wraeclast, bara la kubuni ambamo Path of Exile huchezwa.

Uchumi usio na sarafu

Uamuzi wa kwanza mzito wa studio ulihusu udanganyifu. Uchumi wa Diablo II ulikuwa umeharibiwa na watu waliogundua namna ya kurudufu vitu vya thamani, hata pete iliyokuwa adimu ikawa imejaa kila mahali na bei zikapoteza maana. Waanzilishi wa Grinding Gear Games waliazimia kwamba katika mchezo wao kompyuta ya mchezaji isiaminiwe kwa lolote. Kila hatua, kila pigo na kila kitu kinachodondoka huamuliwa na seva za kampuni, na kompyuta iliyoko nyumbani huonyesha tu kilichokwisha kuamuliwa.

Uamuzi huo uliwalinda, lakini uliwagharimu. Ujumbe unaosafiri kutoka nyumbani kwa mchezaji hadi kwenye seva na kurudi huchukua muda, na anayeishi mbali na seva husubiri zaidi. Jambo hilo wakazi wa Australia na New Zealand wanalijua vizuri kuliko wengi, kwa kuwa zaidi ya kilomita 10,000 za bahari zinawatenga na Marekani. Ilitokea mara kwa mara kwamba mchezaji alijiona amesimama salama nyuma ya ukuta, ilhali kwa hesabu ya seva alikuwa bado katikati ya maadui. Sekunde moja baadaye picha ilijirekebisha, naye akajikuta amekufa. Manung'uniko yalidumu miaka. Mwaka 2015, pamoja na upanuzi ulioitwa The Awakening, studio ilileta utaratibu mwingine unaofanya kompyuta ya mchezaji na seva kwenda hatua kwa hatua pamoja, na tatizo likapungua sana kwa wenye intaneti nzuri.

Uamuzi wa pili ni wa ajabu zaidi. Kwa miaka mingi katika Path of Exile hapakuwa na dhahabu wala fedha. Badala yake kuna tufe ndogo za aina nyingi, na kila aina ina kazi yake: moja hubadilisha sifa za silaha, nyingine huiongezea sifa mpya, nyingine huyafanya matundu ya kupachika vito yaunganike. Tufe likitumika limekwisha. Kwa hiyo wachezaji wanapofanya biashara hulipana kwa vitu ambavyo wangeweza kuvitumia wenyewe, kama watu wa zamani walivyobadilishana chumvi na kitambaa. Sarafu katika michezo mingi hujaa hadi ikakosa thamani, kwa sababu maadui hawaishi kuidondosha. Hapa kila anayejaribu bahati yake katika kuboresha upanga huiondoa sokoni sehemu ya fedha yenyewe. Ni hila ya kiuchumi ambayo gavana wa benki kuu angeitazama kwa wivu kidogo.

Hayo yote yana bei yake kwa mgeni. Ramani ya uwezo wa shujaa peke yake ina zaidi ya vituo 1,300 vya kuchagua, vimetandazwa kama nyota angani, na mchezaji hupata nafasi ya kuvichukua vichache tu. Mwenye kuanza bila mwongozo huenda akagundua baada ya siku tatu kwamba amejenga shujaa asiyeweza kumuua hata fisi. Studio haikuona haya kwa hilo. Ililenga kundi dogo la wapenzi wanaotaka ugumu, badala ya kumfurahisha kila mtu, na hapo ndipo swali la fedha linapoingia.

Nani hulipa, na hulipia nini

Tangu mwanzo Grinding Gear Games iliahidi kwamba haitauza nguvu. Mwenye fedha hatanunua upanga unaokata zaidi ya wa maskini. Dukani mwake huuzwa sura: mavazi yanayong'aa, mabawa, wanyama wadogo wa kumfuata shujaa, rangi nyingine ya moto anaourusha.

Kabla hata ya mchezo kukamilika, watu walianza kulipa. Mwaka 2012 studio iliuza vifurushi vya wafadhili, na kabla ya uzinduzi vilikuwa vimeingiza zaidi ya dola milioni 2 za Marekani. Kifurushi cha juu kabisa kiligharimu dola 1,000, na aliyekinunua alipewa nafasi ya kubuni pamoja na studio kifaa kimoja cha pekee ambacho kingeingizwa mchezoni. Baadhi ya vifaa hivyo vingali vikidondoka hadi leo, na wengi wanaoviokota hawajui kwamba vilibuniwa na mchezaji mwenzao aliyelipa.

Ahadi hiyo imetimizwa kwa sehemu kubwa, ila si kwa ukamilifu ambao mashabiki hupenda kuutaja. Studio huuza pia nafasi za kuhifadhia mali. Anayeanza hupewa masanduku manne bure, nayo yanatosha kwa wiki za mwanzo. Lakini anayecheza kwa dhati hukusanya mamia ya tufe, vito na ramani, na sanduku maalumu linalopanga vitu hivyo vyenyewe humpunguzia saa nyingi za kazi. Zaidi ya hapo, kwa miaka mingi kuuza kitu kwa wachezaji wengine kwa njia ya kawaida kulihitaji sanduku la kulipia. Si nguvu, kwa maana halisi ya neno. Lakini ni vigumu kuiita mapambo. Wachezaji wazoefu wenyewe husema kwamba gharama ya kweli ya mchezo huu wa bure ni makumi kadhaa ya dola, na kiasi hicho kinalingana na bei ya mchezo wa kawaida dukani.

Kuna pia visanduku vya bahati nasibu, ambavyo mnunuzi hulipa bila kujua pambo gani litatoka. Studio nyingi duniani hufanya hivyo, na Australia imeamua kutolifumbia macho jambo hilo. Tangu tarehe 22 Septemba 2024, mchezo mpya unaopitishwa kwa ukaguzi wa madaraja nchini Australia, ukiwa na vitu vya kulipia vinavyotolewa kwa bahati, haupewi daraja la chini ya M, yaani haupendekezwi kwa walio chini ya miaka 15. Michezo inayoiga kamari yenyewe ni ya watu wazima tu. Hata bila visanduku hivyo, Path of Exile ni mchezo wa giza, damu na maiti, na haukukusudiwa kwa watoto. Mzazi anayeombwa kadi afahamu angalau kwamba hakuna kitu dukani humo ambacho mtoto wake atashindwa kuendelea bila kukinunua.

Kuanza upya kila baada ya wiki kumi na tatu

Mchezo wa bure huishi kwa kurudiwa. Mtu aliyenunua mchezo wa kawaida ameshalipa, hata akiuacha kesho. Aliyepewa bure hulipa akibaki. Studio ilijibu tatizo hilo kwa misimu. Kila msimu unapofunguliwa, wachezaji wanaojiunga huanza mikono mitupu, kila mmoja ufukweni akiwa na rungu lake, na soko zima huanza upya. Misimu miwili ya kwanza, Anarchy na Onslaught, ilifunguliwa siku ya uzinduzi wa Oktoba 2013. Baadaye ratiba ilitulia kwenye takribani wiki 13, na kila msimu ukaja na maadui wapya, kanuni mpya na mapambo mapya dukani.

Mnamo Machi 2019, katika mkutano wa kila mwaka wa watengenezaji wa michezo huko San Francisco, Chris Wilson alieleza mbele ya wenzake jinsi kampuni yake ilivyopanga mchezo ili uchezwe bila kikomo. Hotuba hiyo imetazamwa na kunukuliwa sana katika taaluma hiyo. Mantiki yake ni nyepesi kueleweka na ngumu kuitekeleza: mchezaji akichoka, mwache aondoke kwa amani, kisha mpe tarehe inayojulikana ya kurudi. Kama ligi ya mpira, pengo la pointi la msimu uliopita halimfuati mtu.

Ratiba hiyo iliujenga mchezo haraka. Upanuzi wa Fall of Oriath wa Agosti 2017 uliikamilisha hadithi kuu kuwa na sehemu kumi, na mwezi huohuo mchezo ukaingia kwenye mashine za Xbox One. PlayStation 4 ikafuata mwaka 2019. Mnamo Aprili 2020 chuo cha Uingereza cha filamu na televisheni, BAFTA, kiliupa Path of Exile tuzo ya mchezo bora unaoendelea kubadilika.

Uhamisho wenye lafudhi ya Pasifiki

Jina la mchezo si la bahati. Katika hadithi yake, kisiwa tajiri cha Oriath huwatupa wahalifu, wazushi na wasiotakiwa katika Wraeclast, bara lililolaaniwa ng'ambo ya bahari. Msomaji anayeishi Australia, nchi ambayo tangu mwaka 1788 ilipokea meli za wafungwa kutoka Uingereza, hahitaji maelezo marefu. New Zealand haikuwa koloni la wafungwa, lakini iliishi jirani nalo.

Alama ya nyumbani inaonekana zaidi katika Wakarui, mojawapo ya mataifa ya kubuni ya mchezo huo. Ni mabaharia na wapiganaji wanaowaheshimu mababu, na majina yao, kama Kaom, Hinekora na Tukohama, yana mlio wa lugha za Polinesia. Asili yao katika tamaduni za Wamaori haifichiki. Msimu wa Trial of the Ancestors wa Agosti 2023 uliwapeleka wachezaji hadi katika kuzimu ya Wakarui, na sehemu ya nne ya mchezo wa pili, iliyotolewa Agosti 2025, husafiri kwa meli kati ya visiwa vyao. Soko la michezo ya kufikirika limejaa majumba ya mawe ya Ulaya na majoka ya theluji. Kukuta humo mitumbwi, minazi na heshima ya mababu ni jambo la kuburudisha, hata pale ambapo wabunifu wamechanganya mambo kwa uhuru kuliko angependa mzee wa kabila.

Fedha kutoka Shenzhen

Mnamo Mei 2018 Grinding Gear Games ilitangaza kwamba Tencent, iliyokuwa tayari ikiusambaza mchezo huo nchini China, imenunua asilimia 80 ya hisa zake. Wilson, Rogers na Olofsson walibaki na hisa zilizosalia na kuendelea kuiongoza studio. Tangazo liliandikwa kwa lugha ya kutuliza: kampuni itabaki huru katika kazi zake, na mchezo hautageuzwa kuwa wa kununua nguvu.

Hofu ya wachezaji ilikuwa na msingi. Katika masoko ya Asia ya Mashariki michezo mingi ya bure huuza nguvu waziwazi, na toleo la China la Path of Exile lenyewe lilipewa baadhi ya huduma za kulipia ambazo hazikuwapo kwingine. Lakini miaka iliyofuata hakuna upanga ulioonekana dukani Auckland. Kilichoongezeka ni watu, na pamoja nao uwezo wa kuanza kazi kubwa kuliko ya kwanza.

Makosa nayo yalikuwapo. Msimu wa Ultimatum ulipofunguliwa Aprili 2021, seva zilizidiwa na maelfu wakasubiri foleni kwa saa nyingi. Ikagundulika kwamba watangazaji wa mtandaoni waliolipwa kuutangaza mchezo walikuwa wakipitishwa mbele ya foleni. Ghadhabu iliwaka, naye Wilson akakiri hadharani kwamba uamuzi huo haukuwa wa haki. Mwezi Julai mwaka huohuo, katika msimu wa Expedition, studio iliwapunguza nguvu mashujaa wote kwa mkupuo, na wengi wakahama. Agosti 2022 lawama zikarudi, safari hii kwa sababu hazina zilikuwa zimepungua kuliko walivyozoea. Wachezaji waliozoea kusikilizwa hawavumilii kushtukizwa, na kampuni inayoishi kwa hiari yao haina pa kujificha.

Ushindani wa kuvuka Bahari ya Tasman

Wakati studio hiyo ikikua, mazingira yake yalikuwa yakibadilika. Australia ilianzisha nafuu ya kodi ya asilimia 30 kwa gharama za kutengeneza michezo ya video, ikihesabiwa tangu tarehe 1 Julai 2022, kwa kampuni inayotumia angalau dola 500,000 za Australia. Kikomo chake ni dola milioni 20 kwa kampuni kwa mwaka. Baadhi ya majimbo huongeza nafuu yao juu ya hiyo.

Ng'ambo ya pili hofu ilipanda. Raia wa New Zealand ana haki ya kuishi na kufanya kazi Australia bila kuomba viza kabla ya kusafiri, na mwandishi wa programu hahitaji kubeba mashine wala shamba. Viongozi wa sekta hiyo walionya kwamba watu na hata studio nzima zingehamia Melbourne au Brisbane. Katika bajeti ya Mei 2023 serikali ya Wellington ilijibu kwa kutenga dola milioni 160 za New Zealand kwa miaka minne, kurudishia studio asilimia 20 ya gharama zinazostahili, kuanzia matumizi ya Aprili mwaka huo. Kikomo ni dola milioni 3 kwa studio moja kwa mwaka.

Kwa kampuni yenye watu kumi, fedha hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kuendelea na kufunga. Kwa Grinding Gear Games ni msaada tu, si nguzo. Hata hivyo uwepo wa kampuni chache kubwa kama hiyo, pamoja na PikPok ya Wellington na Ninja Kiwi iliyonunuliwa na kampuni ya Sweden mwaka 2021, ndio uliowapa wanasiasa hoja kwamba sekta hii si mchezo wa watoto. Mapato ya studio za New Zealand yalifikia takribani dola milioni 548 za nchi hiyo katika mwaka wa fedha wa 2024, kutoka milioni 434 mwaka uliotangulia. Sehemu kubwa ya fedha hiyo hutoka nje ya nchi, kama ya nyama na maziwa, ila hakuna meli inayohitajika kuipeleka bidhaa.

Mchezo wa pili, na deni kwa wa kwanza

Novemba 2019, katika mkusanyiko wa mashabiki uliofanyika Auckland kwa jina la ExileCon, studio ilitangaza Path of Exile 2. Wakati huo ilisemekana kwamba hadithi mpya na ya zamani zingeishi ndani ya mchezo mmoja. Kazi ilikua kuliko mpango. Katika ExileCon ya Julai 2023 ilielezwa kwamba itakuwa michezo miwili iliyo mbali, na wa kwanza utaendelea kuhudumiwa.

Tarehe 6 Desemba 2024 mchezo wa pili uliuzwa kabla ya kukamilika, kwa dola 30 za Marekani, ili wanunuzi washiriki kuujaribu. Zaidi ya nakala milioni moja zilikuwa zimenunuliwa kabla milango haijafunguliwa, na katika siku za mwanzo zaidi ya watu 570,000 walicheza kwa wakati mmoja kupitia duka la Steam peke yake. Seva zilizidiwa tena.

Kilichofuata kilionyesha gharama ya ushindi. Karibu kila mtu katika studio alivutwa kurekebisha mchezo mpya, na msimu uliokuwa ukisubiriwa wa mchezo wa kwanza ukaahirishwa. Mwishoni mwa Januari 2025 Jonathan Rogers alilazimika kuwaomba radhi wachezaji wa zamani, na msimu wao haukutoka hadi tarehe 13 Juni. Mwezi huohuo wa Januari studio ilikiri pia kwamba mdukuzi alikuwa ameingia kupitia akaunti ya mfanyakazi yenye mamlaka makubwa, iliyounganishwa na akaunti ya zamani ya Steam, na kwamba akaunti 66 za wachezaji ziliathirika. Baadhi walipoteza mali walizozikusanya kwa mamia ya saa. Kwa kampuni iliyojengwa juu ya kanuni ya kutomwamini mtu nje ya seva zake, mlango uliachwa wazi kutoka ndani.

Mabadiliko yamefika hata katika uongozi. Chris Wilson, aliyekuwa sauti ya studio kwa zaidi ya muongo mmoja, ameiacha kampuni, na Rogers ndiye anayesimama mbele ya wachezaji. Mchezo wa pili umeendelea kujengwa mbele ya macho ya wanunuzi. Shujaa wa kike wa mkuki aliongezwa Aprili 2025, katika toleo lililolalamikiwa sana kwa kuwafanya wachezaji wote kuwa dhaifu na wazito, likafuatwa na marekebisho ya haraka. Mganga anayejigeuza mnyama aliongezwa Desemba, na kufanya mashujaa wanane kati ya kumi na wawili walioahidiwa. Sehemu za mwisho za hadithi zilikuwa bado hazijatolewa mwaka 2025 ulipokwisha, na studio imeshikilia ahadi yake kwamba siku mchezo utakapokamilika, bei ya dola 30 itaondolewa na kila mtu ataupakua bure.